Ugonjwa wa mlipuko ukiingia bwenini: mwongozo kwa matroni, patroni na walimu wa zamu

Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Moshi si ya mchezo. Pita bwenini saa nne usiku: madirisha yote yamefungwa, na kioo kilipovunjika pamezibwa kwa gunia au kanga kuukuu. Ndani wamelala wanafunzi sitini kwenye vitanda vya dabo deka, blanketi hadi utosini. Mmoja wao akiwa na surua, virusi alivyovikohoa vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kutoka chumbani. Na si hewa tu. Wanakula bwalo moja, wanachota maji pipa moja, wanapanga foleni kwenye vyoo vilevile.

Walioteswa na hali hii mapema kuliko sisi ni wanamaji. Meli ya kivita ni bweni linaloelea, na karibu kila kosa tunaloweza kulifanya shuleni limeshafanyika melini, watu wakafa. Nitaeleza visa vitatu kwa sababu sehemu kubwa ya mwongozo huu imetoka humo.

Agosti 1918 meli ya kivita ya Uingereza, HMS Mantua, ilitia nanga Freetown, Sierra Leone, ikiwa na mabaharia wapatao 200 wanaougua mafua makali. Vibarua wa bandarini walipakia makaa ya mawe, jioni wakarudi makwao. Ugonjwa ukashuka nao na kuingia mjini.

Februari 2020 meli ya abiria Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Abiria waliambiwa wabaki vyumbani. Lakini wapishi na wahudumu waliendelea kupika, kugawa chakula mlango kwa mlango na kulala vyumba vya pamoja. Walioambukizwa UVIKO-19 walifika 712.

Mwezi uliofuata ikawa zamu ya manowari ya Marekani ya kubebea ndege, USS Theodore Roosevelt, yenye wanamaji karibu 4,800. Ilipofika Guam, watu walishushwa kwa mafungu na kutengwa nchi kavu, wachache wakabaki kuangalia mitambo. Waliopatikana na virusi ni 1,271, mmoja akafariki. Zaidi ya robo tatu ya hao hawakuwa na dalili yoyote wakati vipimo vyao vilipoonyesha maambukizi.

Kutawanya watu kunaeneza ugonjwa. Kuwafungia wote pamoja kunaeneza pia. Kinachookoa ni kuwagawa mapema, kabla hata jina la ugonjwa halijajulikana. Shuleni kwetu tunapenda yale mawili ya kwanza: ama tunanyamaza na kufunga geti, ama tunapakia watoto kwenye mabasi warudi kwao. Nimeyaona yote mawili katika mkoa huu, na yote mawili yananiuma.

Kabla muhula haujaanza

Chagua chumba cha kutenga sasa, watoto wakiwa likizo. Kiwe na mlango unaofunguka nje moja kwa moja, madirisha pande mbili na choo chake. Stoo iliyo nyuma ya bwalo haifai hata ikiwa tupu, kwa sababu iko karibu mno na chakula. Ukikosa chumba chenye choo, tenga tundu moja la choo cha nje, liandikwe na lifungwe kwa kufuli. Weka humo vitanda viwili au vitatu vyenye magodoro yaliyovalishwa plastiki, ndoo yenye koki, sabuni, ndoo mbili zenye mifuniko, glavu, barakoa, kipimajoto, pakiti za ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini) zisizopungua ishirini, jiki na daftari. Ufunguo ukae kwa matroni. Ukikaa kwa mhasibu, usiku wa manane utamtafuta usimpate.

Siku ya kufungua shule, meza ya kwanza getini iwe ya afya, kabla ya meza ya ada. Shule za Kilimanjaro zinapokea watoto kutoka kila kona ya nchi: Mwanza, Bukoba, Kigoma, Dar es Salaam, Tanga. Kila mmoja aulizwe ametokea wapi, kama nyumbani kuna mgonjwa, na kama ana homa, anaharisha au ana upele. Maswali haya yana sababu. Ugonjwa wa Marburg, homa ya kutokwa damu inayofanana na Ebola, ulitokea Kagera mwaka 2023 na tena Januari 2025, na Machi 2025 Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa wa mpox (homa ya nyani) nchini. Mtoto akitoka kwenye mlipuko hafukuzwi, ila anafuatiliwa kila siku hadi siku zake za hatari ziishe.

Angalia na kadi ya kliniki. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, na wapo waliopata ya kwanza tu. Andika majina ya wasio na dozi mbili, uyapeleke kituo cha afya. Siku surua ikiingia, orodha hiyo itakuwa na thamani kuliko dawa zote zilizomo kwenye kabati.

Halafu vitanda. Kati ya kitanda na kitanda ipite angalau mita moja. Pasipo na nafasi, walale mzungu wa nne: kichwa cha huyu kielekee miguu ya yule, juu na chini pia. Madirisha ya pande mbili yabaki wazi kiasi cha upana wa kiganja usiku kucha, hata Julai. Najua watayafunga ukigeuka tu. Dawa yake ni blanketi la pili, liingie kwenye orodha ya vifaa anavyokuja navyo mwanafunzi. Mtoto anayetetemeka hawezi kukuelewa ukimhubiria habari za hewa safi.

Dalili zinazokutaka uamke kitandani

Huhitaji kuwa daktari. Unahitaji kujua ni mtoto gani asiyeruhusiwa kulala bwenini usiku huu:

- Anaharisha majimaji meupe kama maji yaliyooshewa mchele, mara nyingi kwa muda mfupi, pengine na kutapika. Mchukulie kuwa ni kipindupindu.
- Ana homa, mafua na macho mekundu, kisha upele unaoanzia usoni na nyuma ya masikio kuteremka mwilini. Ni surua mpaka ithibitike vingine.
- Ana homa kali, shingo imekakamaa, mwanga unamuumiza. Hiyo huenda ni homa ya uti wa mgongo, na kila saa ina thamani.
- Koo limevimba, kuna utando wa kijivu kooni, anapumua kwa shida. Dondakoo.
- Ana upele wenye malengelenge au vidonda, pamoja na homa na tezi zilizovimba. Huenda ni mpox.
- Ana homa na anatokwa damu mahali popote bila kuumia. Usimguse mikono mitupu. Toa watu wote, piga simu.
- Ana kikohozi cha wiki mbili au zaidi, anakonda, anatoka jasho usiku. Huyu hahitaji mbio za usiku, ila apelekwe kupima makohozi kesho yake asubuhi. Mkoa wetu una bahati ya kuwa na Kibong'oto, kule Siha, hospitali iliyoanza 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu na sasa ni hospitali maalumu ya magonjwa ambukizi.

Watoto wawili wa bweni moja wakiwa na dalili zinazofanana ndani ya siku mbili, usiseme "wamekula kitu kibaya" ukarudi kulala.

Saa ya kwanza

Mtoe mgonjwa bwenini. Avae barakoa kama anakohoa, atembee kwa njia ya nje asipite katikati ya wenzake, na godoro lake lisiburuzwe kwenye korido. Mlezi awe mmoja, mtu mzima, aliyekwisha kupata chanjo, asiye mjamzito. Nakataa kabisa desturi ya kumpa kiranja au rafiki yake kazi ya kumlinda mgonjwa usiku. Kiranja ni mtoto wa mtu.

Kama anaharisha, anza kumpa maji ya ORS papo hapo, usisubiri gari. Pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anywe kidogokidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi uendelee. Kipindupindu huua kwa kukausha maji mwilini, na kinaweza kumaliza mtoto ndani ya saa chache.

Kisha simu. Mwalimu mkuu ajulishwe, lakini usingoje ruhusa yake ili upige kituo cha afya. Kituo kitampa taarifa mganga mkuu wa wilaya, na afisa afya wa kata atakuja. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199. Mgonjwa mahututi aende hospitali ya Mawenzi au KCMC kwa gari la wagonjwa, au gari la shule lenye madirisha wazi litakalosafishwa kwa klorini likirudi. Asipakiwe kwenye bodaboda wala kwenye daladala ya Kiboriloni.

Kuna wakuu wa shule wanaoogopa simu hiyo kwa ajili ya jina la shule. Nawaelewa, kwa sababu mzazi akisikia "mlipuko" anaweza kumhamisha mwanawe. Ila habari haifichiki: kundi la WhatsApp la wazazi litajua kabla ya wewe kumaliza chai. Heri waisikie kutoka kwako ikiwa na mpango, kuliko kuisikia kwa muuza maandazi wa getini.

Makundi matatu

Hapa ndipo shule nyingi zinapoteleza. Zinamtenga mgonjwa na kudhani kazi imekwisha, wakati wale wanamaji wa Guam walioonekana wazima kwa macho ndio waliokuwa wamebeba virusi.

Kundi la kwanza ni wagonjwa, kwenye chumba cha kutenga.

La pili ni waliokuwa karibu naye: wa kitanda cha juu na cha chini, vitanda vya jirani, aliokula nao sinia moja, rafiki wa karibu, aliyemfulia. Kwa surua au homa ya mafua hesabu bweni zima. Hawa si wagonjwa na wasitendewe kama wagonjwa, lakini wawe na chumba chao, choo chao, meza yao na zamu yao ya kula. Ukiwa na madarasa ya ziada, geuza moja liwe bweni la muda. Wapimwe joto asubuhi na jioni, yaandikwe daftarini. Atakayeanza dalili anahamia kundi la kwanza saa hiyohiyo.

La tatu ni wengine wote. Wanaendelea na masomo, ila bila mkusanyiko wa shule nzima na bila kuchanganyika mabweni.

Siku zinahesabiwa kuanzia mara ya mwisho mtu kuwa karibu na mgonjwa. Kipindupindu ni siku 5. Surua, mpox, Marburg na Ebola ni siku 21. Homa ya mafua huonekana mapema, mara nyingi ndani ya siku 1 hadi 4. Mgonjwa wa surua mwenyewe anaendelea kuambukiza hadi siku 4 baada ya upele kutokea. Hayo ni ya kukusaidia kupanga. Anayetoa ruhusa ya mwisho ni mganga, sawa na anayeamua kama shule ifungwe.

Watoto wa kundi la pili watalia. Watajiona wameadhibiwa, na wenzao watawatungia jina. Kaa nao siku ya kwanza, uwaambie ni siku ngapi na kwa nini, ubandike kalenda ukutani wafute siku wenyewe. Wapewe simu ya matroni jioni wazungumze na mama zao. Mtoto aliyeridhika haruki ukuta usiku kwenda kwa rafiki yake wa bweni la pili, na mtoto mmoja akiruka ukuta makundi yako yote matatu yamevunjika.

Jikoni na kwenye pipa la maji

Chunguza pipa la maji ya kunywa pale nje ya bwalo. Juu ya mfuniko kuna kikombe kimoja cha chuma. Kila anayekuja anakichovya, anakunywa, anakirudisha, na vidole vinaingia majini hadi kwenye pingili. Hicho kikombe kiondoke leo, hata kama shule yako haina mgonjwa. Weka ndoo zenye koki, na kila mtoto awe na kikombe chake chenye jina. Nje ya choo weka kibuyu chirizi na sabuni iliyofungwa kwa kamba isipotee.

Wapishi wafikiriwe kwa makini. Wanafika alfajiri kutoka Pasua, Njoro au Majengo, na jioni wanarudi kwa familia zao, kama wale vibarua wa Freetown. Wakati wa karantini wachague: walale shuleni na walipwe posho ya kulala, au wapikie nje ya eneo la wanafunzi na chakula kipokelewe mlangoni kwenye sufuria. Mpishi mwenye kuharisha hagusi chakula, na asikatwe mshahara kwa kusema ukweli. Ukimkata, kesho atanyamaza. Anayepeleka chakula kwa wagonjwa asipakue cha wazima.

Vyakula vya kutoka nje visimame, hata ndizi za kuchoma za getini. Siku ya wazazi kutembelea iahirishwe. Hilo litaleta maneno, kwa maana mama ameamka usiku kupika mtori na machalari ya mwanawe. Mwombe radhi kwa heshima.

Maji ya klorini

Jiki nyingi za dukani zina klorini asilimia 3.5, soma chupa. Kwa matapishi, kinyesi, sakafu na vyoo: kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji. Hiyo ni asilimia 0.5. Mwaga juu ya uchafu, subiri dakika 15, ndipo usafishe ukiwa na glavu. Kwa vyombo na vitasa vya milango: mililita 285 za jiki, ujazie maji hadi lita 20. Hiyo ni 0.05, na inafaa kunawia mikono kama sabuni imekosekana. Kama sabuni ipo, sabuni na maji yanayotiririka yanatosha.

Changanya upya kila asubuhi na ufunike, kivulini. Usichanganye jiki na sabuni ya choo yenye asidi, maana hutoa hewa yenye sumu. Ndoo ya 0.5 iandikwe kwa rangi nyekundu, maana watoto watanawa popote penye maji.

Wazazi wakija getini

Watakuja. Wengine watafika na gari usiku kutoka Arusha, wakisema, "Nataka mwanangu." Usibishane ukiwa umesimama. Toa kiti, salimia kama inavyopasa, shikamoo kwa anayestahili, kisha mweleze hivi: mtoto akiwa amebeba ugonjwa ambao haujaonekana, akapanda basi pale stendi, ataufikisha kwa bibi yake Marangu na kwa mdogo wake wa miezi sita ambaye bado hajachanjwa surua. Akibaki, yuko chini ya macho ya muuguzi, mwendo mfupi kutoka hospitali ya rufaa. Mruhusu amwone mtoto kwa mbali, kupitia uzio. Nimeona baba mkali akilainika kwa kuona tu mwanawe anampungia mkono.

Ujumbe wa kwanza kwa wazazi utoke siku hiyohiyo, mfupi na wa kweli. Unaweza kuutumia huu:

"Ndugu mzazi, salaam. Leo wanafunzi wawili wa bweni la wasichana wameonyesha dalili za surua. Wametengwa na wanatibiwa. Mganga wa wilaya amearifiwa. Wanafunzi waliokuwa karibu nao wanaangaliwa kwa siku 21. Mwanao yuko kundi la tatu, ni mzima, anaendelea na masomo. Tunaomba usije kumchukua, na usilete chakula. Kila siku saa 12 jioni tutakutumia taarifa. Matroni."

Kisha itume kweli kila siku saa 12, hata kama hakuna jipya. Ukichelewa saa moja, uvumi utajaza nafasi.

Kufunga karantini

Mganga akisharuhusu, magodoro ya chumba cha kutenga yafutwe kwa klorini na kuanikwa juani siku nzima pande zote mbili. Mashuka yalowekwe dakika 30 kwenye klorini ya 0.05, kisha yafuliwe kwa maji ya moto. Vitu vilivyochafuka visivyosafishika vichomwe shimoni, visiachiwe mbwa. Daftari la joto na majina lisitupwe. Mpe afisa afya nakala, na nakala nyingine ibaki ofisini kwa matroni atakayekuja baada yako. Hesabu pakiti za ORS, glavu na chupa za jiki zilizobaki, uandike zinazopungua, na karatasi hiyo iwe mezani kwa mwalimu mkuu kabla hajapitisha bajeti ya muhula unaofuata.